Tafakari ya Juma: Mtoto Huyu Naye Apewe Sehemu Katika Igizo



Tumeingia kipindi cha Majilio, na kama ilivyo desturi katika parokia na vigango vyetu, watoto wa Utoto Mtakatifu wameanza mazoezi ya igizo la Noeli. Walimu wao wanagawa sehemu: huyu Malaika Gabrieli, huyu Bikira Maria, wale watatu Mamajusi, na wadogo kabisa watakuwa kondoo. Siku hizi hizi, tarehe 3 Desemba, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Mambo haya mawili hukaribiana katika kalenda kila mwaka, lakini katika parokia nyingi hayakutani ukumbini. Mtoto mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, mwenye mtindio wa ubongo au asiyesikia, akiletwa mazoezini huonyeshwa benchi la nyuma, akae na mama yake atazame wenzake. Mara nyingi haletwi kabisa.

Napenda juma hili nitoe maoni yangu waziwazi juu ya jambo hili. Nasadiki kwamba igizo na mchezo ni njia halisi ya kufundishia, na kwamba kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu mara nyingi ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote. Kwa hiyo, tunapomnyima mtoto huyo sehemu katika igizo, tunamnyima somo lake la dini. Na anayenyimwa somo hukutwa hajui kitu siku ya kupimwa, kisha huambiwa asubiri mwaka mwingine ndipo aikaribie meza ya Bwana.

MUNGU ALIFUNDISHA KWA VITENDO

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Mungu alipotaka wana wa Israeli wasisahau kamwe jinsi alivyowatoa Misri, hakuridhika na kuwapa maneno ya kukariri. Aliwaagiza waile Pasaka wakiwa wamejifunga mikanda, wamevaa viatu, na fimbo mikononi, kama watu walio safarini (Kut 12:11). Kila mwaka waliirudia safari ile kwa miili yao, na mtoto aliyeuliza maana ya ibada hiyo alielezwa akiwa tayari ameiona na kuionja (Kut 12:26-27). Nabii Ezekieli aliamriwa achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu na auzingire, ili watu wauone msiba unaokuja (Eze 4:1-3). Bwana wetu naye, usiku ule wa mwisho, kabla ya kuwaeleza mitume unyenyekevu ni nini, alijifunga kitambaa akawaosha miguu (Yn 13).

Kanisa lilijifunza kwa Bwana wake. Katika karne ya 10, watawa wa Uingereza walikuwa wakiigiza asubuhi ya Pasaka safari ya wale wanawake watakatifu kwenda kaburini, ndugu mmoja akikaa kama malaika na wengine watatu wakija kama wanaotafuta kitu. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa pale Greccio hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu wa kawaida waione kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo Mtoto Yesu. Mtakatifu Yohane Bosco (1815–1888), kule Torino, aliwavuta vijana maskini kwa mazingaombwe na michezo, na baadaye akaufanya ukumbi wa maigizo kuwa sehemu ya malezi yao pamoja na sala na kazi za mikono.

Wala sisi Waafrika hatukungoja kuletewa jambo hili. Bibi aliyetamba hadithi ya sungura na fisi alibadili sauti, akainama, akachechemea, na wajukuu wakaitikia kwa pamoja. Katika jando na unyago mafunzo mazito ya maisha yalipitishwa kwa ngoma, nyimbo na vitendo. Na aliyezieneza ngonjera nchini mwetu katika miaka ya 1960 kama njia ya kufundishia, yaani mashairi ya watu wanaojibizana mbele ya hadhira, ni Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi yule yule aliyetuandikia Utenzi wa Enjili Takatifu.

KWA NINI HASA WATOTO HAWA

Yawezekana mtu akauliza: kama igizo linawafaa watoto wote, kwa nini tulisemee hasa kwa ajili ya wenye mahitaji maalumu? Ni kwa sababu mtoto mwingine akikosa igizo bado anazo njia nyingine. Atasoma kitabu, atasikiliza homilia, atauliza swali. Mtoto ambaye maneno yanampita kasi, au asiyeyasikia, au asiyeweza kuyatamka, njia hizo kwake zimefungwa nusu au kabisa. Uliobaki wazi ni mlango wa mwili: kuona, kugusa, kutembea, kurudia.

Mtaalamu wa saikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky (1896–1934), aliyefanya kazi nyingi juu ya watoto wenye ulemavu, aliona kwamba mtoto anapocheza hufanya mambo yaliyo juu ya kiwango chake cha kila siku. Aliye mkorofi nyumbani, akicheza askari wa zamu huweza kusimama kimya muda mrefu, kwa sababu sasa anatii kanuni ya mchezo. Vygotsky alifundisha pia kwamba mzigo mkubwa wa mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hautoki katika kiungo kilichopungua. Unatoka katika kutengwa na wenzake, kwa kuwa hapo ndipo anapokosa mambo yote ambayo watoto hufundishana.

Tuangalie igizo linavyofanya kazi. Mtoto mwenye usonji husumbuliwa na mambo asiyoyatarajia, na mazungumzo ya watu yamejaa mambo hayo. Katika igizo kila kitu kina utaratibu: najua nani atasema, nami nitafanya nini baada yake. Katika usalama huo anajaribu kumtazama mwenzake usoni, kungoja zamu yake, kupokea kitu na kukitoa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anahitaji kurudia jambo mara nyingi, na darasani kurudia huko humchosha mwalimu na kumwaibisha mwanafunzi. Katika igizo kurudia ndiyo mazoezi yenyewe, na wote wanarudia pamoja naye. Mtoto asiyesikia, katika mchezo wa ishara, ndiye anayewazidi wenzake, kwa kuwa uso na mikono yake vimezoea kusema. Na wenzake wakijifunza lugha ya alama kwa ajili ya igizo, wanabaki nayo baada ya igizo.

Wapo watafiti waliolipima jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, mtafiti Blythe Corbett ameendesha programu ambamo vijana wenye usonji huandaa mchezo wa kuigiza pamoja na vijana wa rika lao wasio na usonji, waliofunzwa kuwasindikiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watoto 30 wa umri wa miaka 8 hadi 14, ulionyesha kwamba waliopitia vipindi 10 vya maigizo waliwazidi wale waliokuwa bado wanangoja zamu, katika kukumbuka sura za watu na katika kucheza na wenzao. Watoto 30 ni wachache, na hatupaswi kutangaza zaidi ya hapo. Igizo haliondoi usonji, wala halichukui mahali pa daktari, pa mazoezi ya viungo au pa mwalimu wa elimu maalumu. Lakini linamfundisha mtoto kuishi na wenzake, na hilo parokia inaweza kulitoa bila kujenga jengo hata moja.

KOMUNYO YA KWANZA

Sasa nifike mahali panaponiuma kama mchungaji. Kila mwaka, karibu na mtihani wa Komunyo ya kwanza, wazazi huja ofisini kwa paroko wakiwa na mtoto aliyerudishwa. Sababu ni ile ile: hakuweza kujibu maswali. Baba husimama kando kimya, mama hueleza. Baada ya kurudishwa mara mbili au tatu, familia hukata tamaa, na mtoto aliyebatizwa hukua hadi utu uzima bila kumpokea Bwana.

Ndugu zangu, tujiulize tunachokipima ni nini. Mtakatifu Papa Pius X, mwaka 1910, kwa hati ya Quam singulari, aliwafungulia watoto wadogo mlango wa Komunyo, akidai waijue imani kadiri ya uwezo wao na waweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Papa Benedikto XVI, katika Sacramentum Caritatis ya mwaka 2007, alifundisha kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupewa Kipaimara wapewe Komunyo inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa mwaka 2020 umesema wazi kwamba hakuna awezaye kuwanyima watu wenye ulemavu sakramenti.

Basi igizo linasaidiaje hapa? Katekista na aandae watoto waigize jinsi wanafunzi wawili wa Emau walivyotembea na Yesu wasimtambue, wakamkaribisha ndani, naye alipoumega mkate wakamtambua (Lk 24). Mtoto asiyeweza kueleza kwa maneno atembee njia ile, aketi mezani, ainuke kwa furaha akakimbie kurudi Yerusalemu. Akifanya hivyo mara kumi, kisha siku moja kanisani, wakati wa kuinuliwa Hostia, akatulia na kukunja mikono kwa namna asiyoifanya mbele ya sahani ya wali nyumbani, je, hajatuonyesha anachokijua? Ni mitihani mingapi ya kukariri inayotuonyesha kiasi hicho?

Hapa niweke tahadhari. Misa si igizo, na isichezwe. Tuwafundishe watoto kwa kuigiza habari za Injili, lakini tusiwavike mavazi ya ibada tukawafanya waigize mageuzo. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto wa mwaka 1973 unaruhusu Injili isomwe kwa kugawana sehemu, kama tufanyavyo katika Mateso ya Bwana, inapofaa. Igizo lenyewe libaki ukumbini, darasani au chini ya mwembe.

SEHEMU IPI APEWE?

Nawaomba walimu wa Utoto Mtakatifu waniruhusu niseme neno juu ya ugawaji. Pale ambapo mtoto mwenye ulemavu anapewa sehemu, mara nyingi hupewa sehemu ya mgonjwa. Asiyeona awe Bartimayo, asiyetembea ashushwe kutoka darini. Mara moja si vibaya. Lakini ikiwa ni hivyo kila mara, tunamwambia kwamba mahali pake katika Injili ni kulala akingoja kuponywa, na kwamba asipopona ametukwamisha. Tena tunawafanya waumini walie kwa huruma, watoe sadaka nono, waende nyumbani. Mtoto hakuja kutulizia.

Tumpe sehemu inayobeba igizo. Chukueni mfano wa Mtakatifu Yosefu. Katika Injili zote nne hakuna hata neno moja lililoandikwa kuwa limetoka kinywani mwake. Yosefu analala, anaota, anaamka, anamchukua Mtoto na mama yake, anaondoka usiku. Yeye ni mlezi wa Mkombozi, na Kanisa zima liko chini ya ulinzi wake, na habari yake yote ni matendo. Ni nani atakayetuambia kwamba kijana asiyesema hawezi kumwigiza Yosefu? Simoni wa Kirene naye habebeshwi maneno, habebi ila msalaba. Katika Njia ya Msalaba Veronika hasemi kitu, anatoa kitambaa. Mamajusi wanapofika kwa Mtoto wanapiga magoti na kufungua hazina zao. Maandiko yenyewe yameacha nafasi kwa wasio na maneno, nasi katika mazoezi yetu tunazijaza nafasi hizo kwa hotuba ndefu za kukariri.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa walio tayari kuanza, napendekeza mambo machache.

Kwanza, vipindi vianze na kumalizika kwa namna ile ile kila siku: wimbo ule ule, mduara ule ule, sala ile ile fupi. Mtoto ajue ameingia na ajue ametoka. Hatua za igizo zichorwe katika karatasi na kubandikwa ukutani kwa mpangilio.

Pili, tuanze na michezo wanayoijua mtaani, kama mdako, kuruka kamba na ukuti ukuti. Ndani yake mna kungoja zamu, kuhesabu, kushikana mikono, kuanguka na kucheka. Kutoka hapo kwenda katika igizo ni hatua fupi.

Tatu, kila mtoto mwenye mahitaji maalumu awe na mwenzake wa kutembea naye. Mamajusi wawili wanaweza kubeba sanduku moja. Mwenzake asimfanyie kila kitu. Amngoje.

Nne, tuzijali hisia zao. Ngoma kubwa na vipaza sauti vinavyotufurahisha sisi vyaweza kumtesa mtoto mwenye usonji. Pawepo pembe tulivu ambapo anaweza kwenda bila kugombezwa. Asiyeona apapase mavazi na hori kabla ya siku yenyewe, na mkeka utandikwe sakafuni ili miguu yake imwambie alipo. Mwenye kiti cha magurudumu asibebwe kupandishwa jukwaani kama gunia. Tuigize chini, katika sakafu moja na wote.

Tano, tuwalinde. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa siri. Mtoto asiguswe kwa namna asiyoipenda. Wazazi watoe ridhaa, na picha zisisambazwe katika simu na mitandao bila ruhusa yao. Watoto wasioweza kusimulia yaliyowapata ndio wanaohitaji macho yetu zaidi.

HOJA ZA WENYE MASHAKA

Nasikia wengine wakisema, "Baba Paroko, ataharibu igizo." Yawezekana atasimama mahali pasipo pake, au atacheka wakati wa kulia. Lakini igizo la Noeli linahubiri kwamba Mungu alizaliwa mahali pasipofaa, kati ya watu waliokuwa hawajajiandaa. Tukilitaka liwe safi bila doa hata tukamfungia mtoto nje, tumekwisha kuigiza sehemu ya nyumba ya wageni iliyokosa nafasi.

Wengine husema atachekwa. Hofu hii ni ya haki, na mara nyingi ni ya mzazi anayempenda mwanawe. Nawaambia wazazi kwa heshima: hachekwi kwa sababu ameonekana, anachekwa kwa sababu hajazoeleka. Watoto waliofanya naye mazoezi kwa majuma manne hawamcheki. Wao ndio watakaowanyamazisha wengine.

Wengine tena, hasa walimu, husema darasa lina watoto wengi na muda hautoshi. Ni kweli, na sina haki ya kuwatwisha mzigo nisioubeba. Ndiyo maana sisemi kazi hii ni ya mwalimu peke yake. Tunao VIWAWA wenye nguvu na vipaji, tunao akina mama wa WAWATA walioshona mavazi ya kwaya zote, na katika jumuiya ndogo ndogo hakosekani mwalimu mstaafu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unawatambulia watoto hawa katika ibara ya 30 nafasi sawa na wenzao katika michezo na burudani. Serikali imekubali jambo hilo kwa sahihi. Sisi tulilikubali siku tulipowamwagia maji ya ubatizo.

Mfalme Daudi alimtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyekuwa amelemaa miguu yote miwili na amefichwa mbali Lo-debari. Hakumtumia chakula huko alikokuwa. Alimleta Yerusalemu, naye akala mezani pa mfalme daima, kama mmoja wa wana wa mfalme (2Sam 9). Daudi aliuliza kwanza kama amebaki mtu wa nyumba ile. Nawaomba viongozi wa jumuiya waulize swali hilo hilo juma hili, nyumba kwa nyumba: je, yuko mtoto humu ndani ambaye hatujamwona? Majina yaletwe kwa mwalimu wa Utoto Mtakatifu kabla ya Dominika ijayo, kwa maana sehemu bado hazijagawanywa zote.

Ee Bwana Yesu, uliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi wako, utupe macho ya kuwaona wale tuliowaketisha pembeni. Mtakatifu Yosefu, mlezi wa Mkombozi, utuombee.

Nawatakia Majilio mema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.